Mlio wa ganuni ulionikaa moyoni tangu misimu ya karafuu Wete: ni kitu gani kile?

Mtoto wa Wete anauliza:

Assalamu alaikum ndugu zangu. Naomba mnivumilie kwa urefu wa suala langu, kwani nimekaa nalo zaidi ya miaka arubaini bila ya kumpata mtu wa kumuuliza, na wanaoishi nami nyumbani hivi sasa hawakuyashuhudia ninayotaka kuyaeleza.

Nilizaliwa na kukulia nje kidogo ya mji wa Wete, kisiwani Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa na umri wa miaka tisa au kumi, kila ulipofika msimu wa karafuu nyumba yetu yote iligeuka mahali pa kazi. Wachumaji walirudi alasiri na magunia yao, wakayamwaga ukumbini juu ya jamvi, na baada ya sala ya isha tulikaa kulizunguka lundo lile, wakubwa kwa wadogo, tukichambua. Unakishika kishada kwa mkono wa kushoto, unakibana kwenye kiganja cha mkono wa kulia, unakisokota, karafuu zinaangukia mbele yako na makonyo unayatupa kando. Ukishafanya hivyo kwa saa mbili vidole vinapiga weusi, na harufu yake, hata ukikosha mikono kwa sabuni, haitoki mpaka msimu uishe.

Katika ukumbi ule palikuwa na redio ya kaseti ambayo mjomba wangu aliileta kwa meli kutoka Unguja, na mama yangu alikuwa mtu wa pekee aliyeruhusiwa kuigusa. Mawe ya redio, yaani betri, yalikuwa ghali na tabu kupatikana, kwa hiyo yakianza kuchoka mama akiyaanika juani, ubavuni mwa karafuu, na jioni yalirudi na uhai wa saa moja au zaidi kidogo. Saa hiyo aliitumia kwa kaseti moja ya dakika 60, ambayo alirekodi mwenyewe nyimbo za taarab kutoka redio ya Unguja.

Upande wa pili wa kaseti ile upo wimbo unaoanza kwa ala moja tu. Hakuna ngoma, hakuna fidla, hakuna anayeimba. Ni nyuzi zinadonolewa, taratibu kwanza, mfano wa mtu aliyesimama mlangoni usiku akijaribu funguo moja baada ya nyingine. Kisha zinakimbia, zinapanda, zinasita, zinashuka tena. Unafuata ukimya mdogo, na hapo ndipo wenziwe wote wanapoingia kwa pamoja. Ulipofika mlio ule mazungumzo ukumbini yalikatika. Mikono iliendelea kuchambua, lakini hakuna aliyesema neno mpaka ala zote zilipoingia, na mimi nilihisi kitu kikinyanyuka kifuani ambacho sikuwa na jina lake wakati ule na sina jina lake hata leo. Baadaye nilikuja kujua kwamba ala ile ni ganuni. Zaidi ya hapo sijui kitu.

Maneno ya wimbo wenyewe yamenitoka yote. Nimesikia nyimbo elfu na moja tangu wakati huo, nimehudhuria harusi na matamasha, na zipo nyimbo ninazozipenda sana, lakini hakuna iliyonikaa kama ule mlango wa kuingilia. Mara nyingine naamka alfajiri na kuukuta unanisubiri.

Mama yangu alifariki mwaka jana. Katika vitu vyake nimekabidhiwa bati la biskuti lenye kaseti 14, na ile ya karafuu imo. Naijua kwa alama ya wino mwekundu aliyoitia. Nilipeleka kaseti nyengine kwenye duka moja ili wanihamishie kwenye simu, mashine yao ikaitafuna na kuikata utepe, na tangu siku hiyo naogopa kuzigusa zilizobaki. Basi naomba anayejua anieleze: mwanzo ule wa ganuni peke yake unaitwaje na una kazi gani katika taarab? Kwa nini unikae mwanzo na usinikae wimbo? Na je, kaseti ya miaka arubaini inaweza kupigwa tena bila ya kuihilikisha?

Bibi wa Malindi anajibu:

Waalaikum salaam mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako na amlaze pema. Nimeyasoma maneno yako mara mbili, na mara ya pili nilivua miwani.

Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe, na taarab kwetu haikuwa kitu cha kuwashwa na kuzimwa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na sahani za santuri za Siti binti Saad, zile zilizotokana na safari ya Bombay ya 1928, na akizisafisha kwa kipande cha hariri ambacho hakikuruhusiwa kufanya kazi nyengine yoyote. Alitueleza kwamba kabla ya Siti taarab ilikuwa ya kasri na ya watu wa kasri. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwa aliileta ladha hii kutoka Misri na kumpeleka mtu wake Cairo akajifunze ganuni. Kisha mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa, ambayo iko hai mpaka leo, lakini nyimbo nyingi bado ziliimbwa kwa Kiarabu, mpaka akatokea Siti, mtoto wa Fumba aliyezoea kuingia mjini akiuza vyungu, akayaimba mambo yetu kwa Kiswahili chetu. Bibi yangu alisema kuwa siku aliyoisikia sauti ya Siti ikitoka kwenye sahani, alikwenda kuangalia nyuma ya pembe ya santuri.

Nakuhadithia haya kwa sababu umeuliza juu ya mwanzo, na nataka ujue watu waliuchukuliaje. Nilipokuwa msichana, usiku wa taarab ulifunguliwa kwa bashrafu, yaani muziki wa ala bila ya mwimbaji. Sisi wanawake tulikaa upande wetu, na wakati wa bashrafu wengi walikuwa bado wanapeana nafasi, wanatengeneza kanga, wanatazamana nani kavaa nini. Mwimbaji aliposimama ndipo macho yote yalipogeuka, kwa sababu watu walikuja kusikiliza maneno. Fumbo likipenya, mwanamke husimama, akaenda taratibu mpaka mbele, akamtunza mwimbaji kwa noti, na kwa jinsi alivyokwenda na upande aliotazama, ukumbi mzima ukajua ujumbe unamwendea nani. Nilimwona shangazi yangu akifanya hivyo mara moja tu katika maisha yake. Alitembea hatua kama ishirini na kurudi kukaa, na ugomvi wa miaka miwili ukawa umesemwa wote bila ya yeye kufungua mdomo.

Kwa hiyo waliosikiliza ala kwa ala walikuwa wachache. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alipoweza kuipata Cairo redioni kwa zile Alkhamisi za mwanzo wa mwezi, ambapo Umm Kulthum alikuwa akiimba moja kwa moja, alituamrisha tunyamaze tangu nyuzi zinapopimwa. Ukiniambia kwamba nyumba yenu yote Wete ilinyamaza kwa ganuni, mimi nafahamu kuwa alikuwepo mtu pale aliyewafundisha kunyamaza, na nadhani unamjua ni nani.

Hayo mambo ya maqam, yaani njia za sauti, na majina yake nawaachia wapigaji.

Mpiga Fidla anajibu:

Shikamoo Bibi, na pole sana Ndugu Mtoto wa Wete.

Nimepiga fidla katika taarab ya Unguja kwa zaidi ya miaka ishirini, na nilikaa ubavuni mwa wapiga ganuni kwa muda wote huo, kwa hiyo nitajaribu kueleza kile ulichokisikia.

Mwanzo huo unaitwa taksimu. Ni tofauti na bashrafu aliyoitaja Bibi: bashrafu ni utunzi uliokamilika, unapigwa na kundi zima na una mwendo wake, ilhali taksimu ni ya mtu mmoja, haina mapigo ya kuhesabu, na mpigaji anaitunga papo hapo. Leo ataipiga hivi na kesho ataipiga vyengine. Kazi yake ni kuutambulisha wimbo kabla haujaanza. Kila wimbo wa taarab ya asili umekaa ndani ya maqam yake, iwe Rast, Bayati, Hijazi au nyengine, na maqam ni zaidi ya ngazi ya sauti: ina mahali pake pa kuanzia, pa kupumzikia na pa kurejea. Mpiga ganuni anapoanza polepole huwa anakuonyesha nyumba ile chumba kwa chumba, ili mwimbaji atakapofungua kinywa sikio lako liwe limeshakuwa mwenyeji. Mfano wako wa funguo umenigusa, kwa sababu ndivyo hasa ilivyo.

Ganuni yenyewe ni sanduku la mbao lenye umbo la pembe nne ambalo upande wake mmoja umekatwa mshazari, na hulazwa mapajani au juu ya meza. Nyuzi zake ni zaidi ya sabini, zimepangwa tatu tatu, na kila tatu zinatoa sauti moja. Ndiyo maana mdono mmoja wa ganuni una mng'aro ambao udi hauna. Mpigaji huvaa pete katika vidole viwili vya shahada na kuchomekea humo vijiti vyembamba vya kudonolea. Kushoto, zinapoanzia nyuzi, pamepangwa vidude vidogo vya chuma ambavyo ukivinyanyua au kuvilaza vinapandisha au kushusha sauti kwa kiasi kidogo mno, kidogo kuliko hatua yoyote iliyomo kwenye kinanda. Sauti hizo za katikati ndizo roho ya Rast na Bayati. Miaka ya 1990 kinanda cha umeme kilipochukua nafasi ya ala nyingi na taarab ya kisasa ikashika kumbi, watu walilalamikia vijembe na mipasho, lakini msiba ulionipata mimi ulikuwa huu: sauti zile za katikati zilitoweka katika nyimbo, na taksimu ikatoweka nazo, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kukaa dakika mbili akitafuta.

Umeuliza kwa nini ukukae mwanzo na si wimbo. Naamini jibu limo chuoni kwako, kule ulikosoma juzuu ukiwa mdogo. Mtoto wa Pemba anaisikia adhana mara tano kwa siku, anasikia kisomo, anasikia kasida katika maulidi, na vyote hivyo huenda kwa njia hizo hizo za sauti. Sisemi kwamba kisomo ni muziki, na naomba nisifahamike vibaya. Nasema kuwa sikio lako lilikuwa limeshalelewa ndani ya maqam miaka mingi kabla ya kaseti ile. Ganuni ilipoanza peke yake, bila ya maneno ya kukushughulisha, ulisikia kitu ulichokuwa ukikijua siku zote. Na kile kilichonyanyuka kifuani ala zote zilipoingia ni mapigo: kwa dakika nzima umenyimwa mwendo wa kuhesabu, pumzi yako imebaki juu, kisha dumbaki na rika vinakuletea ardhi ya kukanyaga.

Ninalo ombi moja. Utakapofanikiwa kuisikiliza kaseti hiyo, angalia nyimbo nyengine zinaanzaje. Zamani nyimbo za taarab zilizo na taksimu zilikuwa nyingi redioni, na ni ajabu kidogo kwamba katika kaseti nzima wewe unaikumbuka moja tu.

Mkaazi wa Chake anajibu:

Namshukuru Mpiga Fidla kwa elimu aliyotupa, lakini naomba ruhusa nitofautiane naye katika hilo la chuoni, maana mimi na wewe Mtoto wa Wete ni watu wa kisiwa kimoja na sikio langu limelelewa kama lako, na lililonikaa mimi silo hilo.

Lililonikaa ni zumari. Nilikuwa mtoto wa umri kama wako tulipokwenda kutazama mchezo wa ng'ombe katika mabonde ya upande wetu, na kabla ya ng'ombe kutolewa mpiga zumari alianza peke yake. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Mashavu yake yalikuwa yamejaa mfano wa mtu aliyeweka ndimu nzima kila upande, na sauti haikukatika hata mara moja. Alivuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma upepo. Sauti ya zumari haibembelezi. Inachoma. Ngoma zilipomfuata, watu walikuwa wameshaanza kukimbia. Hadi leo nikisikia zumari, iwe katika kirumbizi, ule mchezo wa fimbo, kwenye sherehe au redioni, nasikia tope la bonde la mpunga likinibana baina ya vidole vya miguu, kwa sababu nilikuwa nimesimama ndani ya tope lile pekupeku, nikiwa tayari kukimbia.

Ndiyo maana nasema jibu halimo katika maqam peke yake. Muziki unaokaa ni ule uliokukuta mwili wako una kazi. Wewe mikono yako ilikuwa ikichambua, miguu yangu ilikuwa ikishikilia tope. Nimesikia taksimu nyingi nikiwa nimekaa kitini, na nilizifurahia, kisha nikaenda zangu kulala. Jaribu kuisikiliza kaseti hiyo ukiwa umekaa na karafuu mbichi mbele yako, kisha utwambie.

Jengine ni kwamba najisikia vibaya kila tunapozungumza juu ya muziki wa visiwa hivi tukaanza Malindi na kuishia Vuga, mitaa ya mjini Unguja. Msewe, ile ngoma ya Pemba, na wachezaji wake waliofunga misewe miguuni mpaka kila hatua inakuwa ala, umewalea watu wengi kama taarab ilivyowalea wengine, na wanaoweza kuupiga sawasawa wanazidi kupungua. Sisemi haya kumpinga mtu. Nayasema kwa sababu mama yako angeweza kurekodi chochote, na vingi vya kwetu havikuwahi kurekodiwa na yeyote.

Bibi wa Malindi anajibu:

Umesema kweli, mwanangu wa Chake. Shangazi yangu niliyemtaja aliolewa Mkoani, huko huko Pemba, na aliporudi kututembelea alikuwa akilalamika hivyo hivyo.

Fundi wa Kaseti anajibu:

Nitajibu sehemu ya mwisho ya suala, kwa kuwa kazi yangu ya siku nyingi imekuwa kutengeneza redio na sasa nahamisha kaseti za watu kwenye kompyuta.

Kaseti ya miaka arubaini hupigika mara nyingi, na usikate tamaa kwa ile iliyokatika, maana utepe uliokatika huungwa. Adui mkubwa wa kaseti katika hewa yetu ni unyevunyevu. Ifungue kasha uitazame utepe kwenye mwanga wa jua la asubuhi: ukiona vumbi jeupe pembezoni mwa mzunguko, huo ni ukungu, na kaseti hiyo isiingie katika mashine yoyote kabla ya kusafishwa, kwani itaichafua mashine na mashine itazichafua zilizobaki. Tazama pia kipande kidogo cha sufi kilichogandishwa kwenye ubapa wa chuma katikati ya mdomo wa kaseti. Gundi yake hukauka, sufi hudondoka, na sauti huwa hafifu hata utepe ukiwa mzima. Kibadilishe kutoka katika kaseti yoyote isiyo na thamani.

Kabla ya kuipiga, izungushe kwa mkono kwa kalamu, mbele mpaka mwisho na nyuma mpaka mwanzo, taratibu, ili mizunguko iliyogandana iachane. Mashine iliyotafuna kaseti yako huenda ilikuwa na mpira uliochoka au gurudumu chafu. Kichwa cha kusomea na gurudumu la mpira vifutwe kwa pamba na spiriti safi, vikauke, kisha jaribu kwanza kaseti usiyoijali.

La muhimu kuliko yote ni kwamba usirekodi kwa kuiweka simu mbele ya spika. Chukua waya kutoka kwenye tundu la sauti la mashine uingize katika kompyuta, utumie programu ya bure kama Audacity, na uhifadhi faili la kwanza katika muundo wa WAV bila ya kulibana. Nakala ndogo za kuwatumia ndugu zitatoka humo baadaye. Acha irekodi upande mzima wa dakika 30 bila ya kusimamisha na bila ya kukata popote, hata panapoonekana hapana kitu. Watu wengi hukata mwanzo na mwisho wa nyimbo ili zipendeze, na wanayoyakata hayarudi. Ukishapata nakala mbili katika sehemu mbili, vunja vile vibati viwili vya plastiki juu ya kaseti ili asije mtu akarekodi juu yake, kisha irejeshe kwenye kasha, mbali na spika na mbali na jua.

Mtoto wa Wete anajibu:

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kutekeleza mliyoniagiza, na sasa nawashukuru nyote mmoja mmoja.

Kaseti yenye alama nyekundu haikuwa na ukungu. Sufi ilikuwa imedondoka kweli, kama alivyosema Fundi, na niliibadilisha. Nilirekodi pande zote mbili bila ya kusimamisha, kisha nikaisikiliza yote usiku, peke yangu. Ndugu wa Chake, sikuwa na karafuu mbichi, lakini ganuni ilipoanza nilishuka macho nikauona mkono wangu wa kulia umejikunja kiganjani, na kidole gumba kinasokota. Sikujua kama nakifanya hivyo. Kwa hiyo umesema kweli, ingawa nilipofika pale pa ukimya mdogo kabla ya ala nyengine kuingia, niligundua pia kuwa pumzi nimeizuia, na hilo ni la Mpiga Fidla.

Kisha nikafanya ulichoniomba, Mpiga Fidla, nikaangalia nyimbo nyengine zinaanzaje. Kaseti ina nyimbo tisa. Nane kati yake hazina mwanzo. Moja inaingia katikati ya neno, nyengine inaanzia ubeti wa pili, nyengine tayari kundi zima linapiga kwa nguvu. Nilikaa nikijiuliza sababu, mpaka nilipokumbuka nyumba yetu ilivyokaa. Jiko lilikuwa uani na redio ilikuwa ukumbini. Mama alikuwa akipika, akisikia wimbo anaoupenda anaacha mwiko, anafuta mikono, anapita uani mbio na kufika kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na wimbo umeshakwenda. Ndiyo maana nakumbuka taksimu moja tu: katika kaseti nzima ile ndiyo pekee iliyonusurika.

Lakini lipo jengine, na hili sikulijua kabisa nilipokuwa mtoto. Wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza, ambao siku zote niliudhani kuwa ni wimbo tofauti, ni huo huo. Mwimbaji ni yule yule, maneno ni yale yale, kundi ni lile lile. Pale umeingia kwa kuchelewa, kwenye kiitikio cha kwanza, bila ya ganuni, na utepe unakwisha kabla ya ubeti wa mwisho. Kisha kwenye upande wa pili unakuja tena, na safari hii hakikukosekana kitu. Zinasikika silabi mbili za mwisho za mtangazaji, panapita kama pumzi moja ya ukimya, ndipo ganuni inapoanza. Taksimu ni dakika moja na sekunde hamsini. Wimbo unapigwa mpaka mwisho wake, na kitufe kinabonyezwa baada ya ala ya mwisho kunyamaza kabisa.

Sijui ni siku ngapi au miezi mingapi ilipita baina ya mara ya kwanza na ya pili. Ninachokijua ni kwamba silabi zile za mtangazaji zisingeingia kwenye utepe kama mama angekuwa jikoni.

Mpiga Fidla, nakutumia nakala ya dakika hiyo na sekunde zake hamsini. Naomba uniambie ni maqam gani.